Saratani iliyofika mapafuni: maswali ninayoulizwa kuhusu upasuaji wa kuiondoa

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa kifua. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa kando ya vitanda, kwenye korido, na mara nyingi usiku kwa simu, na ndugu ambao mchana mbele ya daktari walikosa la kusema. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale wodini. Aliyeziona picha za mgonjwa wako ni daktari wake, kwa hiyo uamuzi uko kwake na kwenu. Ila nendeni kwake mkiwa na maswali mkononi.

Sista, sasa ana kansa mbili?

Hapana, ni ileile moja. Saratani ya mfupa iliyofika pafuni inabaki kuwa ya mfupa. Daktari wa maabara akikata kinundu kilichotolewa pafuni na kukitazama kwa hadubini, anakuta chembe zinazotengeneza mfupa katikati ya pafu. Ndiyo maana dawa anazopewa mgonjwa ni za saratani ya mfupa, na ndiyo maana mtu asiyewahi kugusa sigara anaweza kuwa na vinundu kifuani.

Kwa nini mapafu? Damu inayorudi kutoka mwilini huingia upande wa kulia wa moyo, kisha husukumwa yote mapafuni, kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele. Chembe ya saratani iliyobebwa na damu hunasa hapo kama majani ya chai kwenye chujio. Damu ya utumbo mpana hupitia ini kwanza, kwa hiyo saratani ya huko mara nyingi huanzia ini ndipo ifike kifuani.

Tuliambiwa ikishasambaa haina tiba. Mbona wengine wanapasuliwa?

Kwa watu wengi, ikishasambaa inasambaa kila mahali, na kupasua hakusaidii. Lakini wapo wachache ambao mapafu ndicho kituo pekee ilichofika, na vinundu vinahesabika. Hao ndio tunaowazungumzia.

Mwaka 1933 huko Boston, Marekani, daktari wa upasuaji Edward Churchill alimtoa mgonjwa sehemu ya pafu iliyokuwa na saratani iliyotoka kwenye figo. Figo lenyewe pia lilitolewa. Mgonjwa huyo aliishi miaka 23 zaidi, akafariki kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo madaktari wakaanza kujiuliza ni nani mwingine anaweza kunufaika.

Mwaka 1997 zilichapishwa kumbukumbu za wagonjwa 5,206 waliopasuliwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kati ya kila 100 waliotolewa vinundu vyote, 36 walikuwa hai baada ya miaka 5, na 26 baada ya miaka 10. Waliobakiwa na saratani ambayo haikuweza kutolewa, waliofika miaka 5 walikuwa 13 tu kati ya 100. Linganisha 36 na 13. Kutoka hapo utaelewa kwa nini madaktari husita: wanachotafuta kwenye picha ni kama yote yanaweza kutoka. Kutoa vinane na kuacha viwili ni kumpa mtu kidonda na maumivu bila faida.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu ndugu wanastahili kuusikia. Wale 5,206 walichaguliwa. Walikuwa na nguvu, na saratani yao ilikuwa ya mwendo wa polepole, na baadhi yao huenda wangeishi muda mrefu hata bila kisu. Uingereza na nchi nyingine walijaribu kupima jambo hili kwa haki katika utafiti ulioitwa PulMiCC, wa watu wenye saratani ya utumbo mpana iliyofika mapafuni. Waligawanywa kwa kura: hawa wapasuliwe, hawa wasipasuliwe. Watu hawakujitokeza vya kutosha, utafiti ukasimamishwa ukiwa na watu 93 tu. Baada ya miaka 5 waliopasuliwa walikadiriwa kuwa hai 36 katika 100, na wasiopasuliwa 30. Kwa watu wachache namna hiyo, tofauti ndogo kama ile yaweza kuwa bahati tu. Kwa hiyo daktari wa saratani ya utumbo akikwambia "tungoje miezi mitatu tuone vinavyokwenda," usidhani amemkatia tamaa mgonjwa wako. Kungoja huko ni kipimo pia: saratani inayokwenda mbio hujionyesha, na mtu anaepushwa na upasuaji ambao usingemsaidia.

Nani anafaa kupasuliwa?

Kwanza, mahali saratani ilipoanzia pawe pameshughulikiwa, au panaweza kushughulikiwa. Pili, isiwe imeenea kwingine. Ini huweza kusamehewa, hasa kwa saratani ya utumbo, endapo nalo linaweza kusafishwa. Tatu, vinundu vyote viwe mahali panapofikika na pafu litakalobaki litoshe kupumua. Nne, mgonjwa awe na mwili wa kuhimili. Na tano, pasiwe na dawa inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi bila kisu.

Kinundu kimoja ni afadhali kuliko sita. Miaka mitatu au zaidi tangu saratani ya kwanza itibiwe ni dalili njema kuliko miezi mitano. Umri peke yake haumzuii mtu.

Jirani yetu ana saratani ya matiti imefika mapafuni, lakini hakupasuliwa. Kwa nini?

Kwa sababu aina ya saratani ndiyo inayoamua. Ya matiti ikifika mapafuni kwa kawaida huwa na mbegu kwingine pia, hivyo hutibiwa kwa dawa zinazozunguka mwili mzima. Kupasua hufanyika mara chache, labda kinundu ni kimoja na hakijulikani ni nini.

Ile inayofuata mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida inayoota vifuko kama zabibu, inaweza kujaza vinundu mapafu yote mawili na bado ikapona kwa dawa peke yake. Nimeona picha ya kifua cha binti kabla na baada, na nisingeamini ni kifua kimoja. Saratani ya korodani nayo huanza na dawa. Vinavyobaki baada ya hapo ndivyo hutolewa. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong mwaka 1996 saratani ya korodani ilikuwa imemfika mapafuni na kwenye ubongo. Alipasuliwa ubongo, ya mapafuni ikaondoka kwa dawa.

Wanaofikiriwa zaidi kwa kisu ni wenye saratani ya utumbo mpana, ya figo, na sakoma, yaani saratani za mifupa na nyama za mwili.

Mwanangu ana saratani ya mfupa karibu na goti. Mapafu yake wanayapima ya nini?

Mzazi mwenzangu, hapa naomba usome taratibu.

Saratani hii, osteosakoma, huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana wanaorefuka, na mahali inapopenda ni juu au chini ya goti. Huanza kama maumivu ya mchezo wa mpira. Mtoto huchuliwa, hufungwa majani, hupelekwa kwa fundi wa mifupa wa kijijini, na miezi inapita huku goti likivimba. Simlaumu mzazi yeyote, kwani mguu unaouma hauandikwi usoni kwamba ni saratani. Lakini siku saratani inapogundulika, mapafu yake yapimwe kwa CT-Skani, ile picha inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, wiki hiyohiyo ikiwezekana. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano huwa tayari ana vinundu vinavyoonekana kifuani, na picha ya kawaida ya eksirei huvikosa vilivyo vidogo.

Kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani hii. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu mmoja na mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373. Septemba mosi, kikohozi na maumivu ya kifua vikamsimamisha. Saratani ilikuwa mapafuni. Alifariki Juni 1981, umri wake miaka 22. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mguu ukatwe, na mtu mwenye pumzi za kukimbia marathoni kila siku alikuwa na vinundu kifuani. Nawaeleza hivi wazazi wanaoniambia "mbona hakohoi?" Pafu halina mishipa ya maumivu ndani yake. Kinundu hukaa kimya mpaka kiguse ukuta wa kifua au njia kubwa ya hewa, na kufika hapo huwa kimekua.

Mionzi ya kawaida haiishindi osteosakoma kwa urahisi, na dawa peke yake mara nyingi hazimalizi vinundu. Kwa hiyo kwa watoto hawa upasuaji wa mapafu si nyongeza, ni sehemu ya tiba yenyewe: dawa, mguu kushughulikiwa, kifua kufunguliwa, dawa tena. Pafu moja hupasuliwa kwanza, la pili wiki chache baadaye. Vikirudi, wengine hupasuliwa mara ya pili na ya tatu, na wapo waliokua wakawa watu wazima kwa njia hiyo.

Je, kila kinundu ni saratani?

Hapana, na kwetu huku jambo hili lina uzito wa pekee. Kifua kikuu kinaacha makovu na vinundu, na kwenye picha vinafanana. Nimeona makosa ya pande zote mbili. Kuna mama aliyekuwa ametibiwa saratani ya utumbo, akapewa dawa za kifua kikuu miezi sita bila makohozi yake kupimwa, huku vinundu vikikua. Na kuna mzee aliyeambiwa saratani imesambaa, ndugu wakaanza kumuaga. Kilipotolewa kinundu, kilikuwa kovu la kifua kikuu cha zamani. Alirudi kwake Morogoro na anaendelea kulima.

Omba makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu. Omba picha za zamani zilinganishwe na za sasa, kwani kinundu kilichokaa miaka mitano bila kubadilika kina maelezo tofauti na kilichoota juzi. Na pale inapowezekana kinyama kichukuliwe, kwa sindano au kwa upasuaji wenyewe.

Vipimo gani vinafanywa kabla?

CT-Skani ya kifua yenye vipande vyembamba, iwe ya karibuni. Ya miezi minne iliyopita haitoshi. Kipimo cha nguvu ya pumzi, ambapo unapuliza kwa nguvu kwenye mrija. Moyo. Damu. Vipimo vya kutafuta saratani kwingine mwilini, kulingana na ilikoanzia. Madaktari wengine humpandisha mgonjwa ngazi, na nakubaliana nao: anayepanda ghorofa mbili bila kusimama amejibu maswali mengi.

Anayevuta sigara aache sasa hivi, angalau wiki nne kabla.

Watalitoa pafu lote?

Mara nyingi sana, hapana. Vinundu vya namna hii hupenda kukaa pembezoni mwa pafu, kwa hiyo hukatwa kipande kidogo cha umbo la kabari chenye kinundu katikati na nyama safi kukizunguka. Mashine ndogo hukata na kushona kwa pini papohapo. Kinundu kikiwa ndani sana, huondolewa sehemu nzima; pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Kutoa pafu zima upande mmoja ni nadra. Daktari mzuri anabana matumizi ya pafu, akijua huenda akalazimika kurudi.

Mgonjwa analazwa nusu kaputi na kuwekewa mpira wa pumzi wenye njia mbili, ili pafu moja lipumue na jingine linywee likiwa tulivu. Kisha kuna njia mbili. Moja ni matundu madogo na kamera. Maumivu ni machache na mtu hurudi nyumbani mapema. Nyingine ni kufungua ubavuni, kati ya mbavu. Ndugu hunilalamikia, "Mbona wa kitanda cha pili alitobolewa tu, wetu amechanwa?" Sababu ni vidole. Pafu likishanywea, daktari hulipitisha polepole kati ya kidole gumba na vidole viwili, kama mama anavyotafuta kijiwe kwenye mchele, na hupata vinundu ambavyo picha haikuonyesha. Vya saratani ya mfupa ni vigumu kama kokoto. Nimewahi kukisikia kimoja kikigonga bakuli la chuma kilipowekwa. Kwa mtoto wa osteosakoma mwenye vinundu kadhaa, madaktari wengi bado wanaamini vidole. Kwa kinundu kimoja cha saratani ya utumbo kilicho pembezoni, matundu yanatosha.

Ule mrija na chupa ni vya nini?

Baada ya upasuaji mgonjwa anatoka na mrija ubavuni unaoishia kwenye chupa yenye maji. Unatoa hewa na damu zilizobaki kifuani ili pafu lijae tena. Maji yanazuia hewa ya nje isirudi ndani.

Angalia maji: yakipanda na kushuka anapovuta pumzi, mrija unafanya kazi. Mapovu anapokohoa maana yake pafu bado linavuja kidogo pale lilipokatwa, jambo la kawaida siku za mwanzo. Siku mapovu yanapokoma na picha ikaonyesha pafu limejaa, mrija unatolewa. Ninachowasihi ndugu: chupa ibaki chini ya kifua siku zote, hata mgonjwa anapokwenda msalani, msiilaze, na msiubane mrija kwa sababu mmeona mapovu. Hewa ikikosa pa kutokea italibana pafu.

Atapata maumivu makali?

Kufunguliwa ubavu kunauma. Kuna sindano za ganzi karibu na uti wa mgongo na dawa za kumeza, na mgonjwa asione haya kuzidai. Anayejikaza havuti pumzi ndefu, makohozi yanabaki ndani, homa ya mapafu inaingia. Kwa hiyo tunampa dawa, tunamkalisha, anakumbatia mto kifuani, tunamwambia, "Kohoa, Mzee." Kutwa nzima anavuta pumzi kupitia kile kifaa chenye vigololi vitatu, au anapuliza puto la watoto kama kifaa hakipo. Siku inayofuata upasuaji tunataka awe ametembea. Ganzi au muwasho kando ya kidonda unaweza kubaki miezi kadhaa.

Anaweza kufa mezani?

Katika zile kumbukumbu za 1997, waliofariki kwa sababu ya upasuaji walikuwa karibu mmoja katika 100. Hiyo ni ya hospitali zenye uzoefu. Kinachosumbua zaidi ni hewa kuvuja siku nyingi, homa ya mapafu, mapigo ya moyo kwenda ovyo, na damu kuganda miguuni.

Ni kweli saratani ikipigwa na upepo ndiyo inasambaa?

Si kweli. Imani hii naisikia kila wiki na imewazuia watu waliokuwa na nafasi. Kinachotokea ni kwamba mtu hufunguliwa, madaktari wanakuta imeenea kuliko picha ilivyoonyesha, anafungwa, na baada ya muda mfupi anafariki. Nyumbani wanasema kisu ndicho kilichoiamsha, kumbe ilikuwa imeshafika. Hewa haiilishi saratani, na pafu tangu tuzaliwe linapitisha hewa.

Hakuna njia nyingine bila kupasuliwa?

Ipo mionzi ya kulenga, ambapo miale mingi hukutanishwa juu ya kinundu kwa vipindi vichache. Utafiti wa SABR-COMET uliwafuata watu 99 wenye saratani iliyosambaa sehemu 1 hadi 5 za mwili, si mapafuni tu: baada ya miaka 5 walioongezewa mionzi hii walikuwa hai 42 katika 100, wengine 18. Ipo pia sindano inayochoma kinundu kwa joto. Zote mbili zinawafaa zaidi wenye vinundu vidogo na vichache, hasa ambao moyo au pumzi haviruhusu upasuaji. Hasara yake ni kwamba hakuna kinundu cha kupeleka maabara.

Kwa Afrika Mashariki twende wapi?

Mnahitaji watu wa aina mbili wakae meza moja: wa saratani, na bingwa wa upasuaji wa moyo na kifua. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ziko mji mmoja. Nairobi ipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kampala, Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago. Swali la kuuliza ni hili: "Je, kesi yake imejadiliwa na daktari wa upasuaji wa kifua?" Wengi huambiwa haipasuliki na mtu ambaye hapasui vifua.

Bebeni CD ya picha, si karatasi ya majibu peke yake. Ombeni pia vile vipande vya nta ambamo kinyama cha kwanza kimehifadhiwa maabara. Ni mali kubwa, na vinamwepusha mgonjwa kuchukuliwa kinyama upya. Na kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya safari ya India, tumeni CD kwanza, mpate maoni kwa maandishi. Nimeona familia iliyouza kila kitu, ikarudishwa na jibu ambalo lingepatikana kwa picha tu.

Vikirudi?

Mara nyingi hurudi, na tusidanganyane. Ndiyo maana CT-Skani hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita miaka ya mwanzo. Msiache kwa sababu amenenepa na anacheka. Kikionekana kimoja kingali kidogo, mlango wa kupasua tena huwa bado wazi.

Mgonjwa aambiwe?

Ndiyo. Anajua tayari kuna kitu. Amelala kwenye wodi, anatusikia tunanong'ona. Na hata mtoto wa miaka kumi anakohoa vizuri zaidi akielewa kwa nini tunamsumbua.

Daktari amesema haifai kupasua. Tufanye nini sasa?

Muulizeni sababu, na kama kuna dawa au mionzi ya kupunguza. Maji yakijaa kifuani yanaweza kutolewa, na mtu akalala usiku huo kwa mara ya kwanza baada ya wiki. Morfini ya maji, inayonywewa, inaondoa maumivu na pia inatuliza kukosa pumzi. Haimuui mgonjwa ikitolewa kwa kipimo. Uganda wamekuwa wakiitumia majumbani tangu miaka ya tisini. Mkalisheni, mwegemezeni mito mbele ili ainamie, fungueni dirisha, na mwelekezeeni feni ndogo usoni, kwenye pua na mashavu. Mkikosa umeme, mpepeeni kwa kipepeo cha ukili au kipande cha boksi. Hewa inayopita usoni inapunguza ile hofu ya kuzama, na mtaiona kwenye mabega yake yakishuka.